Nakonde ni hapo tu: umbali wa kibiashara hupimwaje?

Ukisimama Tunduma ukamuuliza mama mwenye beseni la nyanya Nakonde iko wapi, atakuonyesha kwa kidevu: "Si hapo." Na kweli ni hapo. Miji miwili imeshikana. Ukivuka barabara umeshaingia Zambia. Sasa muulize dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam na kontena la kupeleka Lubumbashi. Ameshamaliza zaidi ya kilomita 900, yuko kwenye foleni, utingo wake katandika mkeka chini ya tela na sufuria ya ugali iko motoni. Kwake yeye Nakonde si hatua mia mbili. Nakonde ni keshokutwa, Mungu akijalia.

Hakuna aliyedanganya hapo. Wamepima umbali mmoja kwa vipimo viwili, na mkanganyiko huohuo ndio unaowavuruga watu kila biashara ya kimataifa inapotajwa kwenye habari. Mara tunaambiwa nchi fulani imefunga soko lake kwa asilimia kadhaa. Mara Waafrika tunakaa jirani lakini hatuuziani. Mara intaneti imeifanya dunia kijiji. Tarehe 2 Aprili 2025 Rais Donald Trump wa Marekani aliinua ubao wa nchi na asilimia, akidai ndivyo kila nchi inavyoibana Marekani kwa ushuru na vikwazo vingine. Kwenye orodha kamili iliyotolewa siku hiyo, Lesotho iliandikiwa 99. Watu wakaulizana, na swali lilikuwa la haki kabisa: hiyo 99 waliipimaje? Nitaifikia. Kwanza tuelewane kwenye maneno.

Umbali wa kibiashara ni jumla ya kila kinachoifanya bidhaa iwe ghali zaidi inapofika kwa mnunuzi kuliko ilipokuwa mlangoni kwa aliyeitengeneza. Kilomita zimo, lakini ni sehemu tu. Kikwazo ni ile sehemu ya umbali ambayo haikuletwa na milima wala bahari, imeletwa na watu: ushuru wa forodha, na vile vinavyoitwa vikwazo visivyo vya kiforodha, yaani vibali, vipimo vya ubora, mizani ya barabarani, muhuri wa ofisi ya nne, karani aliyetoka kula. Mtandao wa biashara ni picha ya nchi zote kwa pamoja, kama mafundo ya wavu. Ukivuta uzi mmoja, mafundo ambayo hukuyagusa nayo yanasogea.

Sasa kipimo chenyewe. Mwaka 1962 mchumi Mholanzi Jan Tinbergen, mmoja wa wawili waliopewa tuzo ya kwanza ya Nobel ya uchumi mwaka 1969, aliazima wazo kutoka fizikia ya Newton: vitu viwili huvutana zaidi vikiwa vizito, na huvutana kidogo vikiwa mbali. Mfanyabiashara wa Morogoro anaacha masoko mengi njiani na kwenda kufunga mzigo Kariakoo kwa sababu Kariakoo ni nzito. Wa Songea naye anakwenda Kariakoo, ila mara chache zaidi. Ukubwa unavuta, umbali unalegeza. Kwa nchi mbili, ukijua ukubwa wa uchumi wa kila moja na umbali kati yao, unaweza kukadiria biashara yao, na makadirio hayo yanalingana na hali halisi kuliko mtu angetarajia kutoka kwenye hesabu rahisi namna hii.

Umbali unalegeza kwa kiasi gani? Anne-Célia Disdier na Keith Head walikusanya makadirio 1,467 kutoka tafiti 103. Kwa wastani, umbali ukiongezeka kwa asilimia 10, biashara hupungua kwa kama asilimia 9. Umbali ukiwa mara mbili, biashara hubaki nusu na ziada kidogo.

Hapa ndipo penye siri ya fani nzima. Hakuna anayekwenda mpakani na futi kamba kupima kikwazo. Wanakokotoa biashara iliyotarajiwa, wanaangalia iliyofanyika, na kilichopungua wanakiita kikwazo. Ni kama mtoto uliyemtuma kisimani. Ndoo ilijaa lita 20, nyumbani zimefika 16. Hukuona tone likidondoka, lakini unajua ndoo inavuja na unajua inavuja kiasi gani. Sharti ni moja: uwe na hakika kwamba kisimani zilichotwa 20. Karibu ugomvi wote wa wataalamu katika jambo hili, ukiuchambua, ni ugomvi juu ya ile 20.

Hata kilomita, ambazo ungedhani hazina ubishi, zina ubishi wake. Kutoka Tanzania hadi Kongo ni umbali gani? Ukipima mji mkubwa kwa mji mkubwa, kama hifadhidata nyingi zinavyofanya, unapata Dar es Salaam hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita 2,600 angani. Lakini mtu wa Kigoma anayepeleka mzigo Kalemie anavuka Ziwa Tanganyika tu, kama kilomita 130. Ndiyo maana siku hizi watafiti makini hupima miji mingi kwa miji mingi, wakiupa kila mji uzito kulingana na watu wake. Hata hivyo ndege wa angani hajui kwamba Kinshasa na Brazzaville, miji mikuu miwili inayotazamana, zimetenganishwa na mto usio na daraja. Hajui pia kwamba Nairobi hadi Dar, kama kilomita 670 kwake yeye, kwa lori kupitia Namanga ni karibu 900.

Tena kilomita ya nchi kavu si ndugu wa kilomita ya majini. Nuno Limão na Anthony Venables walichunguza gharama za kusafirisha kontena kutoka Baltimore, Marekani, kwenda sehemu mbalimbali za dunia. Kuongeza kilomita 1,000 za bahari kuliongeza dola 190. Kuongeza kilomita 1,000 za barabara au reli kuliongeza dola 1,380. Zidisha mara saba na ushee. Mtu anaposhangaa kwamba mzigo umetoka China hadi Mombasa kwa bei ya kuvumilika halafu bei ikapaa kati ya Mombasa na Kampala, anashangaa kitu ambacho kimeshapimwa. Kampala haiko mbali na Mombasa kwa macho. Kwa mfuko iko mbali sana.

Wazee wa pwani walilijua hili bila hesabu ya Tinbergen. Jahazi halikupimiwa maili, lilipimiwa pepo. Kuja Unguja kutoka Muscat lilisubiri kaskazi, kurudi likasubiri kusi. Maili ni zilezile kwenda na kurudi, ila aliyechelewa upepo ukageuka, Muscat ilimhamia mbali kwa miezi.

Jambo linalofanana na hilo lilitokea kwa meli za chuma. Juni 1967 Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita, ukakaa hivyo hadi Juni 1975. Meli zilizokuwa zikitoka Mombasa au Dar kwenda Ulaya kupitia Bahari ya Shamu zikawa zinazunguka Afrika nzima kwa Rasi ya Tumaini Jema. Watu hawakuhama, lugha hazikubadilika, ila njia iligeuka ndefu kwa miaka 8. James Feyrer alilitumia tukio hilo kuuliza: umbali mtupu, peke yake, unapunguza biashara kiasi gani? Akapata athari kubwa, lakini kama nusu tu ya ile tuliyoizoea kwenye hesabu za kawaida. Kwangu mimi hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Maana yake ni kwamba tunaposema kilomita zinaua biashara, sehemu kubwa ya kosa si ya kilomita. Ni ya vitu vinavyotembea pamoja nazo: kutomjua mtu wa huko, kutojua anakula nini na anavaa nini, kutokuwa na shemeji wa kukudhaminia mali kwa mkopo. Mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, katika Bahari ya Shamu yalianza kuzirudisha meli nyingi kwenye njia hiyohiyo ya kuzunguka Rasi, kwa hiyo watafiti wamepata mtihani wa pili ambao hakuna aliyeuomba.

Turudi kwa dereva wetu chini ya tela. Umbali wake ni siku, na siku nazo zina bei. David Hummels na Georg Schaur walilinganisha bidhaa zilizosafirishwa kwa ndege na zilizosafirishwa kwa meli, wakakadiria kwamba kila siku moja njiani ni sawa na kutozwa ushuru wa kati ya asilimia 0.6 na 2.1 ya thamani ya mzigo. Simeon Djankov na wenzake wakaangalia siku ambazo shehena inatumia kutoka kiwandani hadi melini katika nchi 98. Kila siku ya ziada ya kuchelewa hupunguza biashara kwa zaidi ya asilimia 1. Kisha wakaigeuza siku kuwa kilomita: kuchelewa siku moja ni kama nchi kujisogeza mbali na wateja wake kwa takriban kilomita 70. Ukikubali ubadilishaji huo, na kwa foleni ya mpakani nauchukua kama mfano tu, siku tano za kusubiri zimeisukuma Nakonde kilomita 350 kuelekea kusini, na hakuna gurudumu lililozunguka. Na bado hatujamhesabia mwenye nyanya zinazooza. Chuma kinaweza kusubiri.

Kwa nini mpaka unakula hivyo? Mwaka 1995 John McCallum wa Kanada aliuliza swali linaloonekana la kitoto: je, majimbo ya Kanada yanauziana zaidi yenyewe kwa yenyewe kuliko yanavyouziana na majimbo ya Marekani yaliyo na ukubwa na umbali uleule? Mpaka huo ni wa amani, na pande zote mbili kwa sehemu kubwa wanazungumza Kiingereza. Jibu lilikuwa mara 22. Wachumi walibaki midomo wazi.

Miaka 8 baadaye James Anderson na Eric van Wincoop waliirudia hesabu, na hapa ule wavu tulioutaja mwanzo unaingia kazini. Chukua maduka mawili kwenye kisiwa kidogo ambako boti inafika mara moja kwa wiki. Yatauziana sana. Si kwamba yanapendana, ila kila mwingine yuko mbali. Yahamishe maduka yaleyale, umbali uleule kati yao, uyaweke katikati ya Kariakoo. Yatakuwa hayajuani. Kwa hiyo biashara ya wawili haitegemei ukuta ulio kati yao tu, inategemea pia kuta zilizo kati ya kila mmoja wao na dunia nyingine yote. Kanada ni ndogo kando ya Marekani. Mpaka unapoibana, majimbo yake yanageukiana yenyewe kwa nguvu, na ile 22 ikavimba. Ukihesabu wavu wote, mpaka kati ya nchi tajiri unapunguza biashara yao kwa kati ya asilimia 20 na 50. Ni nyingi bado, lakini ya mara 22 imekwisha.

Huku kwetu wavu huo ulionekana waziwazi Februari 2019, Rwanda ilipoufunga mpaka wa Gatuna na Uganda. Mzozo ulikuwa wa nchi mbili, lakini malori yakazungukia Kagitumba, kituo kingine cha mpaka wa nchi hizohizo, na aliyekuwa na mzigo wa Kigali akaanza kuitazama Dar kwa jicho jingine. Gatuna ilifunguliwa tena mwisho wa Januari 2022.

Haohao Anderson na van Wincoop walifanya jumla moja inayostahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila chumba cha habari. Kwa nchi tajiri, bidhaa iliyogharimu 100 kiwandani huongezeka asilimia 21 kwa usafiri, inafika 121. Kuvuka mpaka huongeza asilimia 44 juu ya hapo, inakuwa 174. Kisha wauzaji wa jumla na rejareja wa nchi inakofika huongeza asilimia 55, na mteja anailipia 270. Ukiifungua ile 44 ya mpaka, unakuta ushuru pamoja na vikwazo vyote vya kisera ni 8 tu. Lugha tofauti ni 7, sarafu tofauti 14, kutafuta taarifa 6, usalama 3; zinapandiana moja juu ya nyingine, ndiyo maana ukizijumlisha tu hazifiki 44. Ushuru tunaougombea kila siku magazetini umejibana ndani ya 8.

Kwa nchi zetu namba zitakuwa nyingine, na usafiri utakuwa mzito zaidi. Lakini funguo ni zilezile. Mfanyabiashara wa Kigoma na mteja wake wa Kalemie wanapatana bei kwa Kiswahili, basi ile 7 hawailipi. Ile ya sarafu wanailipa. Kenya, Tanzania na Uganda zote pesa zao zinaitwa shilingi, na bado ukivuka Namanga unamtafuta kijana mwenye bunda la noti mkononi akubadilishie, naye hafanyi hivyo kwa sadaka.

Baada ya hapo, mengine yanayosemwa barabarani yanajijibu. "Ushuru umeondolewa, kwa hiyo mpaka umekwisha." Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005 na ushuru wa ndani ukamalizika 2010, lakini Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, na malori yakakwama mpakani. Siku chache baadaye yaliruhusiwa kwa masharti, pamoja na cheti cha kuonyesha sumu iko chini ya kiwango. Sumukuvu ni hatari ya kweli, inaua ini. Hapo ndipo kupima kunapokuwa kugumu: sharti moja linaweza kuwa kinga ya mlaji na papo hapo likawa ukuta wa kumlinda mkulima wa ndani. Watafiti hulizunguka kwa kulinganisha bei za gunia pande mbili za mpaka. Pengo likizidi nauli, kuna kitu kimekaa katikati. Kama kitu hicho ni halali au la, bei haisemi.

"Waafrika hatuuziani kwa kukosa umoja." Kweli biashara ya ndani ya Afrika ni kama asilimia 15 tu ya biashara yake yote, na Ulaya ni zaidi ya nusu. Lakini kumbuka uzito. Uchumi wetu mwingi ni mdogo, na vidogo viwili huvutana kidogo hata vikikaa ukuta kwa ukuta. Faezeh Foroutan na Lant Pritchett walipoifanya hesabu hiyo mwaka 1993 kwa nchi za kusini mwa Sahara, hawakukuta biashara iliyo chini ya matarajio. Hilo halizisafishi foleni zetu. Linasema tu kwamba kipimo cha Ulaya hakitufai, ndoo yetu haikuwahi kubeba lita 20.

Kuhusu intaneti, nitasema kwa ufupi: katika yale makadirio 1,467, athari ya umbali haikupungua kadiri miaka ilivyosogea. Simu imerahisisha kuagiza. Mzigo bado unapanda lori.

Basi ile 99 ya Lesotho. Wenye kikokotoo waligundua haraka namna ilivyopatikana: chukua nakisi ya Marekani katika biashara ya bidhaa na nchi hiyo, yaani inachonunua toa inachouza, igawe kwa kile Marekani inachonunua kutoka huko. Mwaka 2024 Marekani ilinunua Lesotho bidhaa za kama dola milioni 237, jinzi zikiwemo, na kuiuzia za chini ya milioni 3. Tofauti gawanya kwa 237, unapata 99. Kisha ikakatwa nusu, ndiyo ile asilimia 50 iliyotangazwa. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zikapewa kima cha chini, 10.

Hicho si kipimo cha kikwazo. Mimi humnunulia mama ntilie wangu chakula kila siku na yeye hajawahi kuninunulia hata makala moja. Nikitumia kanuni ile, mama ntilie ananibana kwa asilimia 100. Ushahidi mkubwa zaidi upo kwenye orodha yenyewe. Lesotho, Botswana na Afrika Kusini ziko kwenye umoja mmoja wa forodha na ushuru wao kwa bidhaa za nje ni mmoja. Orodha iliziandikia 99, 74 na 60. Ukuta mmoja, vimo vitatu.

Kilichobaki ni kile kisichoonekana kwa kipimo chochote hadi mtu akae mpakani. Uganda imekuwa ikiweka makarani kwenye vituo vya mpakani kuhesabu biashara ambayo haipiti kwenye fomu za forodha. Wanakadiria kwa macho: gunia lililofungwa nyuma ya baiskeli, mkungu wa ndizi, tenga la samaki wakavu. Pasipo na karani wa namna hiyo, hesabu ya Tinbergen inaona pengo na kuliita kikwazo. Mama wa Tunduma ameshauza nyanya zake Nakonde na yuko njiani kurudi, beseni tupu limegeuzwa juu chini kichwani kumkinga na jua. Kwenye daftari, asubuhi hiyo hakuna nyanya iliyovuka.